Nilimrekodi meneja bila yeye kujua. Nikishtaki, atashikwa yeye au mimi?

MamaTasha_Nakuru

Habari zenu. Huwa nasoma hapa kimya kimya, leo yamenifika mimi.

Nauza mafuta kwenye stesheni moja ya barabara kuu, si mbali na Nakuru mjini. Huu ni mwaka wa tatu. Mshahara ni 14,500. Wale mmewahi kushika pampu mnajua shifti inavyofungwa: mita zinasomwa, pesa zinahesabiwa, zikipungua hiyo inaitwa shoti, na shoti ni yako. Ikiwa shilingi 60 unatoa mfukoni unaenda nyumbani. Lakini mwezi wa pili Probox moja iliweka petroli ya 3,500 ikang'oa nanga kabla sijalipwa. Namba ya gari ilikuwa imepakwa matope, sidhani kwa bahati mbaya. Nikalipa mimi. Mwezi wa nne ikatokea shoti ya 9,200 ambayo hakuna aliyeeleza imetoka wapi, tukagawiwa watu wanne kama nyama ya harusi.

Sasa sikizeni ujanja wake. Hatukatwi kwenye mshahara. Tunaambiwa tutume kwa M-Pesa, namba ya meneja mwenyewe, halafu mwisho wa mwezi mshahara unaingia benki ukiwa mzima. Kwa karatasi mimi sijawahi kukatwa hata ndururu.

Jioni moja nilimwendea ofisini kumuuliza hili jambo, simu ikiwa mfukoni mwa ovaroli ikirekodi. Nina dakika 11. Anasema wazi kabisa: "Shoti hailetwi kwa mshahara, mhasibu wa Nairobi asione." Anasema nisipotuma kufikia saa tatu usiku, kesho nisivae ovaroli yake. Na anasema hivi, naandika vile alivyotamka: "Wenzako wanafidia kwa watu wa bodaboda, wewe unajifanya mlokole." Maana yake niwapunje wateja.

Kuna rekodi ya pili. Siku nyingine nilisahau simu ikichaji ofisini mwake, ikawa inarekodi, ikamnasa yeye na mhasibu wakizungumza hizo hizo pesa.

Nataka kwenda kwa Leba, ile ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Shemeji yangu anasema nitafungwa mimi kwanza kwa kurekodi mtu bila idhini, ati kuna mahali alitazama video. Nisaidieni kabla sijaingia kwenye shimo.

Jamo_Kondele

Mama, weka hiyo kitu Facebook leo usiku. Kufikia asubuhi mwenye stesheni atakuwa amekupigia. Hizi ofisi zote zinasikia kelele peke yake.

Wakili_Lurambi

Jamo, ungekuwa karibu ningekunyang'anya simu.

Mama Tasha, pole kwa yaliyokupata. Mimi ni wakili, niko Kakamega. Si wakili wako na karatasi zako sijaziona, kwa hivyo chukua haya kama maongezi ya baraza.

Kuhusu kufungwa, lala usingizi. Sheria ya Kenya haina kifungu kinachosema mtu akirekodi mazungumzo ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa wazungumzaji basi ametenda jinai. Makosa ya kunasa mawasiliano yaliyomo kwenye vitabu vyetu yanawalenga wanaoingilia mawasiliano ya watu wengine. Ile ya Habari na Mawasiliano, kifungu cha 31, inambana mwenye mtandao wa simu asisikilize mnachosema. Ile ya Uhalifu wa Kompyuta ya 2018 inamsaka anayenasa data ya watu ikiwa njiani. Wewe hukunasa kitu njiani. Uliambiwa maneno usoni, simu ikayashika pamoja na masikio yako. Shemeji yako nadhani ametazama video ya Marekani. Kule California wanataka kila aliyemo kwenye mazungumzo ya faragha akubali kurekodiwa, na New York anatosha mmoja. Hayo ni mambo yao.

Ila usishangilie bado. Kutofungwa ni jambo moja na rekodi kukubaliwa ni lingine. Katiba kifungu cha 31 inalinda faragha, na meneja ana faragha yake hata kama ni mnyang'anyi. Wakili wake atasimama na kifungu hicho mkononi. Wewe utajibu na kifungu cha 50(4). Hicho hakisemi kwamba kila ushahidi uliogusa haki ya mtu unatupwa. Kinasema utatupwa ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki, au kutadhuru utoaji wa haki. Kwa hivyo ni mizani, na aliyeishika ni hakimu au jaji. Mfanyakazi aliyekuwa akidaiwa pesa chini ya tishio, akarekodi akidaiwa, huyo ana la kuweka kwenye mizani.

Sasa nakuja kwa ile simu "iliyosahaulika". Dada, simu inayosahaulika huwa haijabonyezwa kurekodi. Kwenye mazungumzo ya pili hukuwemo. Hapo wewe ndiye mwenye sikio ukutani, na watu wawili walidhani wako peke yao. Usiipeleke kwa Leba, usiitaje kwenye barua, na tafadhali usirudie. Ukiileta pamoja na ile ya kwanza, meneja hatazungumzia tena shoti. Atazungumzia simu yako kutoka siku ya kwanza hadi hukumu, na ile rekodi safi itanuka kwa sababu ya ile chafu.

Na kuna kitu umekipita mbio kwenye maelezo yako, nacho kina uzito kuliko rekodi zote mbili. Ulituma kwa M-Pesa. Kila shoti ina tarehe, saa, kiasi na jina la mpokeaji. Omba taarifa ya M-Pesa ya tangu ulipoanza kazi, uikalie na kalamu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata pesa iliyopungua ikiwa imepungua kwa uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, tena mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Probox ikikimbia, uzembe wako uko wapi? Shoti isiyojulikana imetoka wapi inagawanywaje kwa watu wanne? Una mkataba wa maandishi? Kama huna, usilie. Kuuandika ni wajibu wa mwajiri, na kifungu cha 10(7) kinamtwika yeye mzigo wa kukanusha masharti unayoyadai.

Akikufuta kwa sababu umelalamika, kifungu cha 46 kinasema hiyo si sababu halali, mradi malalamiko si ya kubuni. Na usingoje Krismasi ya tatu: madai ya kazi yana muda wa miaka 3.

KaraniMstaafu_Kisumu

Wakili amesema ya sheria, mimi niongeze ya kaunta. Nilikaa kortini miaka mingi nikipokea mafaili, na nimeona rekodi nzuri zikifa kwa sababu ya karatasi moja.

Kuna mzee alikuja na sidii ndani ya bahasha ya khaki. Sauti ilikuwa safi kama ya redio. Wakili wa upande wa pili hakubishana na sauti hata kidogo. Alisimama akauliza: "Cheti kiko wapi?" Basi. Sidii ikarudi kwenye bahasha, mzee akarudi kwenye benchi.

Cheti hicho kinatoka kwenye Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B. Ni karatasi inayosema: rekodi ni hii, ilichukuliwa na simu ya aina hii siku fulani, simu ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, ikatolewa kwenye simu kwa njia hii ikawekwa kwenye sidii au flashi, na mimi niliyefanya hivyo natia sahihi. Kwa hivyo, binti yangu, usimwachie kijana wa saiba akuhamishie halafu usimjue hata jina. Hamisha wewe, utie sahihi wewe. Akihamisha yeye, basi awe tayari kutia sahihi na akiitwa aje, na vijana wa saiba hawaji.

Faili ya kwanza ibaki kwenye simu iliyorekodi. Usiikate, usibadilishe jina lake, usipunguze kelele za lori kwa programu. Ukiituma kwa WhatsApp, ile inayofika kule ni nakala, hata tarehe yake inakuwa nyingine. Kifungu cha 78A kinasema korti haitakataa ushahidi wa kidijitali kwa sababu tu si wa asili, lakini uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotunzwa. Simu ikianguka chooni wiki ijayo utakuwa unaeleza mambo ya choo badala ya mambo ya shoti.

Halafu andika mazungumzo yote, neno kwa neno, ukionyesha dakika. Mlizungumza lugha gani? Korti za chini zinapokea Kiswahili, lakini ukifika Mahakama Kuu lugha ni Kiingereza na tafsiri itahitajika. Tafsiri nayo ina mambo yake. Tulikuwa na kesi ambapo mtu alirekodiwa akisema kwa Kijaluo "kel chai", na sote tulijua anataka nini. Mtafsiri akaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba mheshimiwa aliomba aletewe chai ya kunywa.

AliyekuwaOfisini

Niseme kutoka upande wa pili wa meza. Nilikuwa afisa wa wafanyakazi kiwandani, Kisumu, kwa miaka kadhaa. Sijivunii kila nililofanya.

Mfanyakazi akija na rekodi, jambo la kwanza tulilotafuta si kama alichosema ni kweli. Tulifungua kijitabu cha kanuni kuona kama kinakataza kurekodi kazini. Kikikataza, tunamwandikia barua ya kujieleza kuhusu simu, na malalamiko yake yanakaa chini ya rundo. Kwa hivyo Mama Tasha, soma kila kitu ulichotia sahihi ulipoajiriwa kabla hujatamka neno rekodi mbele ya meneja. Na wakikuita kikao cha nidhamu, una haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzako, hilo liko kwenye kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira. Wengi hawaulizi, nasi hatukuwa tunawakumbusha.

Kuna njia ingine ambayo haihitaji kumvizia mtu, na ndiyo iliyokuwa ikitunyima usingizi. Mkimaliza kuzungumza, mwandikie ujumbe mfupi usiku huo huo. "Habari meneja. Kama ulivyoniagiza leo ofisini, nimekutumia 2,300 ya shoti ya jana kwa namba yako. Naomba unithibitishie." Akijibu "sawa" umemaliza. Akikaa kimya, kimya chake kina tarehe. Akikana, muulize basi pesa zile ni za nini na azirudishe.

Boda_Busia

Samahani kuingilia. Na polisi wa barabarani je? Naweza kumrekodi akiomba mia mbili?

Wakili_Lurambi

Akiomba kwako na wewe upo, jibu ni lile lile. Peleka kwa IPOA, ile mamlaka inayochunguza polisi, au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, si kwa grupu ya stendi. Na usimtegee kwa kumsukumia pesa ambayo hajaomba, kwa maana kutoa nako ni kosa. Fungua uzi wako, huyu mama hajamaliza.

MamaTasha_Nakuru

Nimesoma yote mara mbili, asanteni. Wakili, umenishika. Simu sikuisahau. Niliibonyeza nikaiweka kwenye chaja nikaenda kuuza mafuta huku moyo unadunda kama wa mwizi. Sitaitumia.

Kuna lingine sikusema. Ile ya kwanza nilikuwa nimeiweka kwenye grupu yetu ya WhatsApp ya wafanyakazi, tuko saba. Nilitaka wajue si mimi peke yangu. Sasa mwenzetu mmoja amenijia akilia. Kwenye dakika ya nane anaingia ofisini kuleta pesa za shifti, meneja anamuuliza "na wewe shoti yako?" naye anajibu "nimeshatuma, bosi". Sauti yake inajulikana hata ukiwa usingizini, ni mtu wa kigugumizi kidogo. Anasema ana watoto watatu na mke hana kazi, nimtoe. Naweza kukata hapo tu?

Mkataba sina, nilipewa ovaroli na kofia.

Wakili_Lurambi

Usikate. Hiyo sekunde moja ya mkasi ndiyo itakayoulizwa kuliko dakika kumi zilizobaki. Faili ibaki nzima. Kwenye maandishi unayompa Leba mwite "mfanyakazi wa pili", jina lake halihitajiki kwa sasa. Na umwambie ukweli: jambo likifika kortini rekodi yote itasikilizwa, huwezi kumwahidi vinginevyo.

Grupu: waombe wote saba waifute leo, na uweke ushahidi kwamba uliomba. Huyo mwenzako sauti yake ni data yake binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamsamehe mtu anayetumia data kwa mambo yake ya kibinafsi na ya nyumbani, lakini kadiri unavyoisambaza ndivyo msamaha unavyokuponyoka. Ndiyo maana nilimfokea Jamo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hiyo ilikuwa taasisi, si mtu kama wewe, lakini mlango wa malalamiko ni ule ule, na meneja naye anaweza kuubisha.

Jamo_Kondele

Nimekubali yaishe. Lakini mkumbuke maskini ana kelele tu.

KaraniMstaafu_Kisumu

Maskini ana M-Pesa pia, Jamo.

MamaTasha_Nakuru

Nimerudi, wiki tatu zimepita. Najua mliniuliza kwenye jumbe za kando, samahani, nilikuwa nikifanya shifti za usiku.

Nilitoa taarifa ya M-Pesa nikaichora kwa kalamu nyekundu. Nilidhani nimempa kama elfu kumi na tano. Jumla ni 31,450, mara 23. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia ukuta. Hiyo ni zaidi ya miezi miwili ya kusimama.

Leba nilifika saa mbili asubuhi. Afisa ni mama mtu mzima, mpole lakini hapotezi neno. Nilianza kutoa simu, akaniambia, "Hiyo weka kwanza." Alitaka taarifa ya M-Pesa, picha nilizopiga za kitabu cha kufungia shifti, na siku nilizoajiriwa. Nilivunjika moyo kidogo, nusura niseme nina dakika kumi na moja hapa za dhahabu.

Meneja aliitwa. Akaja na shati jeupe na majibu tayari: ati pesa zile zote ni mkopo, alikuwa akinikopesha nikilipa kidogo kidogo, kwa vile ananihurumia kama dada yake. Afisa akamuuliza ni lini alinitumia mkopo huo. Akasema alinipa mkononi. Mara zote? Mara zote.

Hapo ndipo yule mama akanigeukia. "Ulisema una kitu." Nikampa yale maandishi, si simu. Alisoma kimya, akafika pale pa mhasibu wa Nairobi asione, akamsomea meneja kwa sauti na kumuuliza kama ni maneno yake. Hakusema ndiyo wala la. Alisema, "Kwa hivyo ulikuwa unanirekodi?" Afisa akaandika hilo jibu kama lilivyo.

Mwenye stesheni ametuma mtu wa kusema watarudisha 20,000 niache mambo. Sijajibu. Tumepewa tarehe ya kurudi, na Leba amesema tusipoelewana njia ya Mahakama ya Leba iko wazi, na rekodi nzima itafaa huko. Bado niko kazini, kwa pampu ya mwisho kabisa ile ya dizeli ambako magari hayaji sana. Shoti haijaitishwa tangu siku ile, kwa mtu yeyote.

Na yule mwenzangu wa dakika ya nane alinipata kwa geti Jumamosi na bahasha. Ametoa taarifa yake pia, yake ni 18,000 na kitu. Amesema sauti yake niiache hapo ilipo.

KaraniMstaafu_Kisumu

Vizuri sana, binti. Cheti je?

MamaTasha_Nakuru

Nimekiandika, mzee. Namba ya utambulisho ya simu yenyewe (IMEI), ile ya *#06#, nimeikosea mara mbili, tarakimu 15 na kioo chenyewe kimepasuka katikati. Simu nimeizima, iko ndani ya debe la unga. Natumia kabambe ya mama yangu, kwa hivyo nikichelewa kuwajibu msinifikirie vibaya, hapa natumia simu ya jirani.